Mifupa Dirishani mwa Angwenyi

Mume wangu, Zachariah Angwenyi, alikuwa mpiga picha mjini Keroka. Alifariki mwaka 1977, akazikwa nyumbani kwetu Gesima, na mahubiri yalikuwa mazuri. Lakini msiba ukiisha, watu hubaki na maneno yao. Wapo wanaosema hadi leo kwamba aliweka mifupa ya watoto studioni mwake. Sasa binti yetu wa pili, Nyanchera, anaposwa na ukoo wa kijana mmoja wa upande wa Nyamira, nami najua swali la mifupa hiyo litafika mlangoni kabla ya mgeni mwenyewe. Ndiyo maana naandika habari za mwanamume huyu jinsi zilivyokuwa, ili wanangu wawe na la kujibu.

Zachariah alisoma hadi darasa la sita, kisha ada ikakosekana. Akaenda Kisii mjini, akaajiriwa na Mhindi mmoja mwenye studio, kwanza kufagia, baadaye kuosha filamu, mwishowe kupiga picha Mhindi mwenyewe alipokuwa safarini. Aliporudi Keroka akafungua studio yake ya mbao kando ya barabara ya Kericho, karibu na mahali malori yanapopumzika. Alijenga ukuta wa mbele kwa kioo kikubwa, jambo ambalo hakuna mwenye duka aliyekuwa amelifanya. Watu walimwambia malori yatakirushia mawe. Hakikuvunjika.

Nyuma ya studio alitundika pazia alilolichora yeye mwenyewe, lenye maporomoko ya maji na ndege ya abiria inayopita juu yake. Palikuwa na koti jeusi la kuazima na saa ya mkononi isiyotembea. Koti lile limo katika picha za nusu ya wanaume wa Keroka wa miaka ile. Wengine wamezikwa, na picha iliyowekwa juu ya jeneza ilikuwa ya koti letu.

Alikuwa mtu wa polepole. Alimtazama mteja hadi mteja akachoka kujikaza, na hapo ndipo alipobonyeza. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimesomeshwa na wamisheni, na watu walinishangaa kuolewa na mtu wa darasa la sita. Sikuwajibu. Sijawahi kumwona mtu mwingine ambaye macho yake yalimheshimu kila aliyesimama mbele yake, mwenye shamba la chai na mpakiaji wa malori vilevile.

Ndege aliwaanza mapema, bila faida yoyote. Chini ya shamba letu palikuwa na kinamasi, na kila mwaka korongo wenye taji walikuja kutaga humo. Mwaka 1957 aliwapiga picha wawili wakicheza, mabawa wazi, mmoja miguu yake imeachana na ardhi. Hakuna aliyeinunua. Tuliitundika nyumbani, naye akaiita pambo tu. Baadaye kinamasi kikachimbwa mifereji, kikapandwa mikaratusi, na korongo hawakurudi. Siku moja Bonareri, binti yetu wa kwanza, aliyekuwa bado mdogo, akaniuliza baba yake alimtoa wapi ndege wa namna ile. Zachariah alimsikia. Tangu siku hiyo aliacha kuiita picha ile pambo.

Sasa nije kwa bundi.

Kanisa letu ni la mawe, na paa lake la mabati. Ubao mmoja wa dari ulikuwa umeoza kwenye pembe, na bundi wawili wakaingia humo wakakaa. Walikuwa wale weupe wa usoni. Sabato moja mwaka 1972 mama mmoja alidondokewa na donge jeusi begani katikati ya maombi, akapiga ukelele, na ibada ikavunjika. Bundi, kwa watu wetu, ni mjumbe wa mauti na mtumishi wa wachawi. Kumkuta kanisani ni zaidi ya aibu. Mzee wa kanisa, Nyangau, mtu mwadilifu ambaye sijawahi kumsikia akisema uongo, alitangaza kwamba mwezi ukiisha vijana watapanda darini na moshi na marungu.

Wiki ile ile Obura, bwana shamba wetu, alipita studioni kuchukua picha ya pasi yake. Obura alikuwa Mjaluo kutoka ufuoni mwa ziwa, mcheshi, mwenye pikipiki ya serikali. Nilikuwapo, kwa hiyo nakumbuka mazungumzo.

"Nasikia mnataka kuwaua polisi wenu," alisema Obura.

"Polisi gani?"

"Hao walio darini. Angwenyi, ninyi Wakisii ni watu wa ajabu. Panya mnawapa ghala wale, mnawapa na vitanda walale. Bundi anayewala panya, mnamtafutia rungu."

"Na ninyi watu wa ziwa," Zachariah akasema, "bundi akilia juu ya nyumba mnamkaribisha kwa samaki?"

Obura akacheka. "Mama yangu hufunga mlango na kufunika masufuria. Sikudanganyi. Lakini mimi nilisomeshwa kilimo, na mwalimu wetu alitupa madonge yale tuyafumue majini. Bundi hummeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa. Ndani ya donge moja utakuta mafuvu matatu, manne. Mwaka huu panya wamekula robo ya mahindi ya wilaya hii. Nimesema barazani mpaka koo limekauka. Wananisikiliza, kisha wananiuliza kama nimeokoka."

"Maneno hayaonekani," alisema Zachariah.

Siku ya pili alikwenda kanisani, akaokota madonge, akayaloweka katika karai nyuma ya nyumba. Alitenga mifupa kwa kibano chake cha kushikia filamu. Akaomba kitambaa cheupe. Nilimpa kile cha mezani, nilichokidarizi mwenyewe nikiwa shuleni, chenye ua dogo la waridi katika kila pembe. Sikukitoa kwa furaha. Aliyapanga mafuvu ya panya juu yake kwa mistari, taya chini ya fuvu, mbavu upande, akayapiga picha kwa jua la asubuhi. Kisha akaipeleka filamu Kisii kwa Mhindi wake wa zamani, aliyekuwa na mashine ya kukuzia, akarudi na picha ndefu kama mlango wa kabati. Akaiweka dirishani kati ya bibi arusi na askari wa trafiki. Chini yake aliandika kwa mkono: CHAKULA CHA BUNDI WA KANISA.

Kama mtu angetaka kuiteketeza nyumba yetu asingepata maneno bora kuliko hayo.

Siku ya soko watu walijaa mbele ya kioo. Zachariah aliniambia baadaye kwamba mwanzoni alifurahi, mpaka alipotambua kwamba hawakuwa wakisema neno. Watu wa Keroka hawanyamazi ovyo. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake akamficha nyuma ya kanga. Kabla ya jua kuelemea, habari ilikuwa imefika Gesima: Angwenyi ana mafuvu ya watoto wachanga, ameyapanga juu ya kitambaa cheupe, na bundi ndio wanaomletea.

Msomaji asiye wa kwetu huenda akatabasamu. Sisi hatukutabasamu. Katika nchi yetu huaminiwa kwamba mchawi hujulikana kwa mifupa anayoificha nyumbani mwake, na watu wamechomewa nyumba kwa mambo madogo kuliko hayo.

Na wakati ulikuwa mbaya kuliko nyakati zote. Bonareri alikuwa amechumbiwa na kijana wa ukoo wa Mogire, kutoka Ikonge. Kwetu harusi haianzi kwa mahari. Huanza kwa mtu tunayemwita esigani, mshenga anayetumwa kuchunguza ukoo: ugonjwa, wizi, na hasa uchawi. Neno lake ndilo la mwisho. Akisema hapana kwa binti mmoja, amesema hapana kwa dada zake wote, kwani damu ni ile ile. Esigani wa akina Mogire alikuwa mama mzee aitwaye Bitutu, mkulima wa wimbi, mrefu, mkavu wa maneno. Alifikia kwa mpwa wake hapo Gesima, akazunguka akiuliza, na siku iliyofuata soko akabisha kwangu.

Nilimkaribisha kwa heshima. Sisi Wasabato tunalima majani ya chai na hatuyanywi, kwa hiyo nilimtengea maziwa ya mtindi, ugali wa wimbi, na mboga za majani zilizolala na maziwa. Nikamletea maji ya kunawa.

Bitutu aliyatazama maji.

"Nimeshiba, mwanangu," akasema.

"Mama, umetembea asubuhi yote."

"Nimeshiba."

"Basi maziwa peke yake."

"Hata hayo."

Bonareri alikuwa amesimama mlangoni na birika. Hakuna mtu aliyehitaji kumweleza. Katika nyumba ya mchawi mtu hali wala hanywi. Bitutu aliniuliza maswali mawili kuhusu wazazi wangu, kwa upole, kama mtu anayemaliza kazi ambayo jibu lake ameshalipata. Kisha akaaga.

Nilikwenda Keroka siku ile ile. Nilimkuta Zachariah ameketi peke yake. Hakuna mteja aliyeingia tangu soko.

"Iondoe," nilimwambia.

"Nikiiondoa leo nimekiri."

"Bitutu hakunawa mikono."

Aliinua kichwa. "Bonareri aliona?"

"Alikuwa ameshika birika."

Alisimama akaenda dirishani, nami nikamfuata, nia yangu ikiwa kuing'oa picha mwenyewe. Sikuwa nimeiona ikiwa kubwa vile. Nilitazama mafuvu, na kweli, yalikuwa makubwa kama ngumi, yenye mashimo ya macho. Moyo wangu wenyewe ulishtuka. Kisha nikaona pembeni kitu ambacho hakuna mtu mwingine Keroka angeweza kukitambua: ua langu la waridi. Nililidarizi dogo, linaloweza kufunikwa na kitufe cha shati. Pale lilikuwa kubwa kama sahani, na kila uzi ulikuwa mnene kama kamba ya ng'ombe.

"Zachariah," nikasema, "hawajui ukubwa wake. Hakuna kitu katika picha hii wanachokijua."

Alilitazama ua, akanitazama mimi. Miaka yote alikuwa amepiga picha za watu, na mtu ni kipimo chake mwenyewe. Hakuwahi kuhitaji kufikiri jambo hilo. "Wamesema kweli basi," akasema polepole. "Wamesema walichokiona."

Ninataka wanangu waliweke moyoni neno hilo. Hakuwaita wajinga. Mimi nilikuwa nimeshawaita hivyo njia nzima.

Tulituma ujumbe kwa Bitutu kwa heshima: amekuja kuchunguza, basi asiondoke kabla ya kuchunguza mahali mifupa ilikotoka, Jumapili, mchana, uwanjani mwa kanisa. Jibu lilirudi kwamba atakuja. Tukampelekea habari Mzee Nyangau pia, naye akawaambia watu, nadhani akitumaini kuyamaliza mambo yote mawili siku moja, kwa kuwa vijana walikuja na marungu.

Walikuja watu wengi. Zachariah alisimamisha kamera yake juu ya miguu mitatu, akaweka karai la maji juu ya meza ya Shule ya Sabato. Hakugusa kitu. Alimwomba Nyangau apande ngazi yeye mwenyewe, aokote chini ya kiota.

"Mimi?" akasema Nyangau.

"Nikipanda mimi watasema nimeyatoa mfukoni."

"Na nikipanda mimi watasema nini?"

"Watasema Mzee Nyangau amezeeka," mtu akasema nyuma, na watu wachache wakacheka, cheko fupi la hofu.

Nyangau alipanda. Alishuka na madonge katika kofia yake, uso umekunjamana, akayamwaga majini. Obura alikunja mikono ya shati na kuyafumua mbele ya macho yao, manyoya yakielea, mifupa ikizama. Akatoa fuvu moja, akalisuuza, akalinyoosha mbele.

"Nani atalishika, nimpige picha nalo?" aliuliza Zachariah.

Hakuna aliyesogea. Mkono wa Obura haukufaa. Alikuwa mtu wa serikali na mgeni. Wangu haukufaa, nilikuwa mke. Nilimwona Bonareri akianza kusogea nikamshika kanga. Ukimya ule ulikuwa kama ule wa siku ya soko, nami nilijua kwamba ukikaa kidogo tena utageuka kitu kingine, maana nyuma yake palikuwa na vijana wenye marungu.

Bitutu alitoka katikati ya wanawake.

"Lete," akasema.

"Mong'ina, usiguse," mpwa wake alimwambia, akimwita kwa jina letu la heshima kwa mama mzee.

"Nimetumwa kuona. Macho yangu hayaoni mbali siku hizi."

Alifungua kiganja, Obura akaliweka fuvu hapo. Lilikuwa dogo kama mbegu ya kibuyu katika mkono ule mpana wenye nyufa za jembe. Alilisogeza karibu na uso. Akaligeuza. Kwa ukucha wa kidole gumba akagusa meno mawili ya mbele, marefu, ya rangi ya machungwa.

"Meno haya nayajua," akasema. "Nimeyaona kwenye vibuyu vyangu. Nimeyaona kwenye kamba ya kitanda." Kisha akasema, bila kumwangalia mtu, "Nani ana punje ya hindi?"

Mtu fulani alikuwa nayo. Bitutu akaiweka kiganjani kando ya fuvu. Punje na fuvu vilikaribia kulingana.

"Mtoto wa nani huyu?" aliwauliza watu. "Mama yake ajitokeze amchukue."

Hapo kicheko kilikuja kweli. Nyangau alivaa kofia yake iliyochafuka na hakucheka, lakini aliwaambia vijana waweke marungu chini. Zachariah alikuwa ameinama nyuma ya kamera. Alimwomba Bitutu asiondoe mkono, ageukie jua kidogo, na kama kawaida yake alisubiri. Nadhani ilikuwa picha iliyomchukua muda mrefu kuliko zote, kwa sababu alikuwa akifuta macho.

Tuliporudi nyumbani Bitutu alitangulia njiani, akaingia bila kukaribishwa, akaketi mahali pale pale. Bonareri alileta birika na beseni. Yule mama alinawa mikono yote miwili, kwa sabuni, akalitazama beseni, akauliza mboga zililala na maziwa siku ngapi, maana harufu yake ilimsumbua tangu juzi. Alikula mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Bonareri aliolewa Ikonge. Picha ya mkono ilichukua nafasi ya ile ya kwanza dirishani, nayo Zachariah akampa Obura nakala. Obura aliibeba kwenye pikipiki, akaionyesha katika mabaraza kutoka kilima hadi kilima, na mahali pengine watu waliacha kuvunja viota. Mahali pengine hawakuacha. Sitasema uongo ili kumpamba marehemu. Bundi wa kanisani walitoa makinda, wakakaa miaka kadhaa, kisha dari likatengenezwa nao wakahama. Hakuna aliyewapiga. Na ile picha ya kwanza haikufutika katika vinywa. Picha mbaya hutembea haraka, na ya kuisahihisha huenda kwa miguu.

Bitutu alifariki mwaka jana, mwaka mmoja baada ya mume wangu. Tulipomaliza matanga ya Zachariah, Mzee Nyangau alinijia kwa nia njema akanishauri nizichome picha za ndege na za mifupa, mabinti waliobaki wasije wakapata taabu. Nilimshukuru. Kisha nikaitoa picha ya mkono studioni, nikaitundika ukutani sebuleni, juu ya meza ya kulia, karibu na ile ya korongo wawili. Nikapanga kiti cha mgeni kikabiliane nayo.

Nilikuwa nimefika hapa katika kuandika, jana, mlango ulipobishwa. Alikuwa mama wa makamo, viatu mkononi kwa sababu ya matope, aliyetumwa kutoka Nyamira kwa ajili ya Nyanchera. Nilimketisha. Nikaweka chakula, nikasimama na birika. Alitazama ukuta kwa muda.

"Picha hii nimeisikia," akasema. "Sikuambiwa ni ndogo hivi, hiyo mifupa."

"Ndivyo ilivyo."

"Na mkono huu ni wa nani?"

"Wa Bitutu, wa Ikonge."

"Bitutu yule esigani? Aliyewavunjia ndoa watu wa nusu ya wilaya?"

"Huyo huyo."

Alitazama tena, akaona punje ya hindi, akatikisa kichwa kidogo kama mtu aliyemkuta jirani mahali asipomtarajia. Kisha akaweka viatu vyake chini ya kiti, akakunja mikono ya nguo yake, na kunyoosha viganja vyake juu ya beseni ili nimmiminie maji.